Ilikokwenda Damu ya Mjomba

Wahusika nitawataja kwa vyeo vyao. Majina nawanyima, maana wajukuu wao hawakunikosea kitu, na wengine tunasali nao kanisa moja. Mhusika wa kwanza ni mwenyekiti wa kijiji. Wa pili ni mganga wa zahanati. Wa tatu ni bandama yangu mwenyewe. Wa nne ni mjomba, ambaye aliniokoa na karibu aniue, na kwa Mpare mambo hayo mawili hayagombani.

Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne nililirudia. Kwa hiyo anayetaka habari za ile mashine kitaalamu akamuulize mwenye digrii. Mimi nasema nilichokiona, na nilichokisikia kikilia juu ya tumbo langu.

Tulikuwa tunakaa juu milimani, kwenye migomba na ukungu. Mbu kule alikuwa mgeni, akifika anatetemeka. Ikaja operesheni ya kuhamia vijijini, na mwenyekiti akatuambia maendeleo yako chini, tambarare: barabara, shule, trekta. Trekta tuliliona kweli. Lilikuja na mkuu wa wilaya, likaondoka na mkuu. Kilichobaki ni joto, majaruba ya mpunga na mbu. Wale mbu walikuwa wajamaa kuliko sisi, hawakumbagua mtu, walichota kila nyumba sawa kwa sawa.

Isipokuwa nyumba ya mwenyekiti. Familia yake ilibaki juu, eti inalinda kahawa ya wananchi. Yeye alikuwa anashuka asubuhi kutuhimiza, jioni anapanda kwenda kulala kwenye baridi yake. Nikimtaja kuwa mhusika wa kwanza simwonei.

Homa ilinishika masika ya kwanza, ikaniacha, ikanirudia, mpaka tukazoeana kama mke na mume waliochokana. Nilikwenda zahanati. Mganga wa pale, ambaye tulimwita daktari kwa woga tu, alifungua kabati, akalifunga.

"Vidonge vimekwisha, ndugu. Kunywa maji mengi."

"Juzi si vililetwa kopo zima?"

"Wewe ni mgonjwa au mkaguzi?"

Vidonge vilikuwa vinakwenda shamba la mkonge, kwa manamba, watu waliotoka kila pembe ya nchi hii na waliokuwa na mshahara. Sisemi kwa kubahatisha. Shemeji yangu alikuwa manamba huko. Alivinunua kwa fedha yake akaniletea, kopo lina chapa ya zahanati yetu. Dawa ya kijiji changu nimeinywa baada ya kuzungushwa kwenye mkonge.

Lakini nilivinywa nusunusu na kwa kuchelewa, na bandama ikaanza kuvimba. Kwanza ilikuwa kama yai chini ya mbavu za kushoto. Ikawa kama kiatu. Mwisho ikavuka kitovu, ikawa inatangulia mlangoni kabla yangu. Wanaume wenzangu, hata jirani yangu mwanamke, wakaniuliza nina miezi mingapi. Niliwajibu nikijifungua nitampa mtoto jina la mwenyekiti. Bibi mmoja akanichanja chale juu ya ule uvimbe akapaka dawa nyeusi. Bandama haikujali. Mchungaji akaiombea. Ikaitikia amina, ikaendelea kukua.

Wakati bandama inanenepa, mimi nakauka. Macho yalikuwa meupe kama karatasi, nikipanda ngazi mbili moyo unagonga kama mtu anayedai mlango. Siku moja pembe ya msaragambo ikalia, watu wote twende kazi ya pamoja kuchimba mfereji. Nilipiga jembe kidogo nikaanguka juu ya tuta. Nikiwa pale chini, namwona kila mtu yuko wawili, nikamsikia mwenyekiti anasema mbele ya watu kwamba kijiji chetu hakina nafasi ya kupe.

Mjomba alishuka kutoka mlimani siku ya pili yake. Ni kaka yake mama, na yeye alikuwa hajahamishwa. Walipokwenda kumhamisha aliwaambia wamwonyeshe hiyo sheria. Wakaenda kuitafuta, hawakurudi. Mtu aliyewahi kumpeleka jirani yake barazani kwa ajili ya jogoo, na kesi ikaendelea hata baada ya jogoo kuliwa, hukurupuki kumhamisha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye huyu, au wamenionyesha shati?"

Akanibeba yeye na shemeji mpaka kwenye lori, na lori likatufikisha Same. Pale niliongezewa damu. Nilipata rangi, nikala, nikaanza hata kutukana. Kabla mwezi mwingine haujaandama nikarudi mweupe vilevile. Wakaniongeza tena, ikapotea tena. Mwili wangu ukawa kama duka la ushirika: mali inaingia kwa mlango wa mbele, ukienda kununua unaambiwa hakuna. Basi wakatupandisha basi kwenda hospitali kubwa.

Huko tulimkuta daktari wa damu, Mzungu kijana mrefu, ambaye Kiswahili chake kilitembea kwa magongo. Aliyekuwa anakishika mkono kisianguke ni sista mmoja wa Tanga, mnene, mwenye maneno. Daktari aliibonyeza bandama kwa mikono miwili kama mtu anayechagua papai, akasema maneno mengi, sista akatupangia.

Damu ninayoongezewa inakufa kabla ya wakati wake. Swali ni inafia wapi. Ikiwa inafia ndani ya bandama, basi bandama ndiyo inayoila, na wataikata nitapona. Ikiwa inafia mwili mzima, kuikata bandama ni kunichinja bure.

"Na wasipokata?" nikauliza.

Daktari akajibu neno moja. Sista akasema, "Anasema haitakuwa vizuri."

"Sista, neno hilo nimelielewa bila wewe."

Kwa hiyo walitaka kuifuata damu ikiwa ndani yangu, mimi mzima, napumua. Watachukua damu kidogo ya mtu inayoafikiana na yangu, wataichanganya na dawa yenye mionzi, kila chembe ya damu ibebe alama. Kisha wataniingizia, na kila siku wataweka mashine juu ya ngozi isikilize alama ziko wapi. Hawatanipasua ili kutazama. Watasikiliza tu kutoka nje.

Mjomba alielewa upesi kuliko mimi. "Kumbe ni kama mfereji," akasema. "Maji hayafiki shambani, unatia majivu huku juu, unashuka nayo taratibu uone yanapotokomea."

Ikabaki nani atatoa damu. Ndugu zangu wa kwa baba walipopelekewa habari, kila mmoja alikumbuka kwamba ana mtu wa kumzika. Mjomba akakunja mkono wa shati. Wakampima, ikaafikiana. Sista akamsifu, akasema wajomba wa namna hii wamekwisha duniani, wanatoa bila kuuliza.

"Sikutoa," mjomba akasema. "Nimemwekea."

Sista alicheka akadhani ni utani wa milimani. Mimi sikucheka, nilimjua mjomba.

Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawajazi wote zizi moja. Anampa mtu mwingine mmoja amtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa na anapata samadi, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na mwenyewe ana haki kuja wakati wowote kumkagua, hata kama mmekaa kula. Ng'ombe akifa, mtunzaji anapeleka ngozi kwa mwenyewe. Pasipokuwa na ngozi hakuna kifo. Kuna wizi. Mjomba alikuwa na ng'ombe kwa watu wa vijiji vingi mpaka Ugweno, na alizikagua ngozi zote kwa mikono yake, akitafuta tundu la mkuki.

Sasa zizi lilikuwa mimi.

Walinichora kwa dawa ya zambarau miduara mitatu: moyoni, kwenye ini, na juu ya bandama katikati ya chale za yule bibi, ili mashine isihame mahali. Mashine yenyewe ilikuwa bomba la chuma kwenye mguu wa kuegemea, na waya ukaenda kwenye kisanduku chenye namba. Ikisogezwa penye alama inalia tatata, kama mahindi kwenye kikaango. Daktari anaandika. Anahamisha bomba. Inalia tena.

Mjomba hakukosa hata asubuhi moja. Alikuwa amepata pa kulala kwa Mpare mwenzetu mwenye kibanda karibu na hospitali. Anafika na kibakuli cha makande, anaketi, anavua kofia. Hakuwa ananiuliza mimi hali.

"Imeamkaje?" anamuuliza sista.

"Nani?"

"Damu yangu."

"Mzee, mgonjwa ndiye huyu hapa, ana masikio."

"Huyu namwona. Nisiyemwona ndiye ninayemuulizia."

Siku za mwanzo moyoni palilia sana, na bandama ikalia kiasi. Mjomba akaridhika, mali imefika salama. Halafu moyoni pakaanza kupooza. Kila asubuhi mahindi ya moyoni yanapungua, ya kwenye bandama yanazidi. Ini lilikaa pale pale, halina habari, kama mjumbe wa kamati. Ilifika mahali bomba likiletwa juu ya bandama kisanduku kinaharisha namba, hata wagonjwa wa vitanda vya jirani wanageuka kutazama.

Daktari alifurahi. Mimi nilikuwa nalia, maana kusikia kwa masikio yako namna unavyoliwa si jambo dogo, lakini yeye alifurahi na akaniambia kwa magongo yake, "Bandama. Bandama tu. Tunakata, unapona."

Ilitakiwa mtu mzima wa ukoo akubali. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina ndevu, lakini kwa desturi ya siku zile, na kwa hali niliyokuwa nayo, wakamtazama mjomba. Mjomba akauliza bandama ikishakatwa inakwenda wapi.

"Maabara," sista akasema.

"Hapana. Inakuja kwangu."

"Ya nini, mzee? Uipike?"

"Damu yangu imefia humo. Nataka ngozi."

Sista akamtafsiria daktari kadiri alivyoweza. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema kiungo cha mtu hakitoki hospitalini, ndiyo kanuni. Mjomba akasema hata kwao ipo kanuni. Akasema pia, na hili nalikumbuka vizuri, kwamba watu wa mashine wamemwambia damu yake iko pale, mashine ni yao, masikio ni yao, kisu ni chao, na wakishakata wanaondoka na ushahidi. Hakimu gani atapokea kesi ya namna hiyo?

Wakaachana hapo. Asubuhi ikaja, mjomba anakuja na makande, anaulizwa, anasema ngozi. Asubuhi nyingine, ngozi. Sista alimbembeleza, akamtania, akamnunia. Daktari alimchorea picha ya tumbo la mtu kwenye karatasi, mjomba akaitazama akasema picha nzuri, ngozi iko wapi. Mimi mdomo ulikuwa umekuwa mweupe na miguu imeanza kujaa maji. Ilifika asubuhi sikuweza kuyainua makande kuyapeleka mdomoni.

"Mjomba," nikamwambia, "kaa hapohapo usubiri ngozi. Utaletewa mbili. Ya damu yako na ya mpwa wako."

"Usiniletee maneno ya wagonjwa."

"Basi utasubiri ya wafu? Huyu dada yako, mama yangu, utamwambia nini? Kwamba ulishinda?"

Alitoka nje. Sista alikwenda nyuma yake, na sijui walisema nini kule uwani, ila waliporudi mjomba alikuwa amepunguza dai. Hatachukua. Ataonyeshwa tu. Tena isiwe kuonyeshwa nyama, maana nyama ni nyama, hata mbuzi ana bandama. Mashine iletwe ilie juu yake, na kisha iletwe kwangu inyamaze. Hapo atakubali kwamba damu yake imekufa, na imekufa mahali fulani.

Daktari aliposikia alicheka kwa mara ya kwanza. Akasema hata yeye alikuwa na nia ya kuipima ikiwa imetoka, ila hakujua kama kuna mtu duniani angetaka kutazama. Mjomba akaweka dole gumba.

Nililazwa na dawa ya usingizi, kwa hiyo haya nilisimuliwa na sista, amejishika mbavu. Bandama ilitolewa, kubwa kama mtoto mchanga, nyeusi kama ini lililoungua. Wakaiweka kwenye beseni, beseni likaletwa mlangoni ambako mjomba amevalishwa gauni la kijani na kofia ya kitambaa, ameshika fimbo yake hataki kuiacha. Bomba likasogezwa, kisanduku kikalia mpaka mhudumu mmoja akakimbia. Mjomba aliinama, akasikiliza, akalitazama beseni kwa muda mrefu, pande zote, kama anavyotafuta tundu la mkuki. Nilipotolewa, bomba likaletwa juu yangu. Kimya, likadonoa hapa na pale.

"Haya," mjomba akasema. "Amekufa kihalali."

Halafu, sista anasema, aliketi kwenye benchi la korido akiwa na lile gauni, akajifunika uso kwa kofia ya kitambaa, na hakutaka mtu amsogelee.

Rangi ilirudi na haikuondoka. Siku ya kuruhusiwa daktari alinikalisha. Bandama ilikuwa inanila, akasema, lakini pia ni askari. Sasa sina askari. Homa moja ya tambarare, moja tu iliyochelewa dawa, inaweza kunimaliza kwa siku chache. Nikae panapo baridi, pasipo mbu. Akaniandikia hivyo, na sista akaniambia kwa lugha yake: "Kaka, ukishuka chini utakuwa umetusumbua bure."

Ilibidi nishuke angalau mara moja, kumchukua mama. Nilifika siku ya mkutano. Mwenyekiti akaniona akasimama kunipokea kwa makofi.

"Ndugu wananchi, mnamwona huyu? Alikwenda amekufa, amerudi mzima. Hayo ndiyo matunda ya kukaa pamoja."

"Ndugu mwenyekiti," nikasema, "tunda lilikuwa bandama, na wamelitupa. Naomba ruhusa nirudi juu na mama yangu. Daktari ameandika."

Aliichukua karatasi, akaikunja bila kuisoma. "Huyo daktari ana kijiji?"

"Hana."

"Mimi ninacho. Kila mmoja akileta karatasi, hapa atabaki nani?"

"Na wewe unalala wapi, ndugu mwenyekiti?"

Mganga wa zahanati, ambaye alikuwa ameketi karibu na meza, alianza kuhangaika na kamba za viatu vyake. Nilitazama pale barazani nikahesabu kwa macho matumbo yaliyowatangulia wenyewe. Mwanamke mmoja, jirani yangu, aliyekuwa akinitania miezi mingapi, sasa alikuwa na lake, na lilikuwa kubwa. Alikufa kabla ya mavuno. Hakuna aliyekwenda kusikiliza damu yake inafia wapi. Mashine ilikuwa moja, na barabara ya kuifikia ilipita mezani kwa mwenyekiti.

Ruhusa sikupewa. Nilimchukua mama kukiwa kunapambazuka, na blanketi na sufuria, tukapanda. Nilipumzika kila kona ya ile njia, si kwa kukosa damu, ila kidonda kilikuwa kibichi. Mjomba alitupa nyumba yake ya nje, na migomba.

Haikupita muda wakaja mgambo wawili kunirudisha. Ilikuwa inanyesha ile mvua yetu nyembamba, wamelowa, meno yanagongana, hawajazoea. Mama akawakaribisha jikoni, akachochea moto, akawapa makande. Wakala bila kusema wametumwa nini, na mimi sikuwauliza, maana bunduki walikuwa wameiegemeza ukutani karibu na mwiko.

Mkubwa wao, kijana wa kutoka bara aliyewahi kuwa manamba, aliniomba aone kovu. Nikampandishia shati. Alilitazama, akalifuata kwa kidole bila kuligusa. Kisha akalegeza mkanda, akafungua vifungo vya sare yake, akanishika mkono akauweka chini ya mbavu zake za kushoto. Ilikuwa tayari ya ukubwa wa kiatu.

"Hiyo mashine iko wapi?" akaniuliza.

Nikamweleza: Same, kisha basi, kisha mlango gani, amuulizie sista wa Tanga. Akarudia maneno yangu polepole asiyasahau. Halafu akaniuliza ruhusa ya kwenda aiombe kwa nani.

Mwenzake akatazama moto. Mimi nikamwongezea makande.